Bandu Bandu Huisha Gogo

Mtu akimwona jirani yake amelala kivulini mchana kutwa, humwita mvivu, wala hakosei sana. Lakini wako wengi waamkao alfajiri na kurudi nyumbani jioni hali wamechoka, kumbe kazi yao haikusonga mbele. Hao si wavivu. Siku yao imeliwa kidogo kidogo na mazoea madogo, ambayo wenyewe hawayahesabu kuwa ni makosa. Leo yafaa tuyatazame mazoea hayo.

Tumtwae fundi cherehani kuwa mfano wetu. Ni mwezi wa Januari, shule zakaribia kufunguliwa, na akina mama wamemletea vitambaa vya sare za watoto wao. Wamekwisha kumpa na arbuni, fedha waliyoipata kwa kuuza mahindi au kuku. Fundi huyu ni hodari, mshono wake ni safi, wala hanywi pombe. Hata hivyo siku ya kufungua shule yafika, na mashati matatu bado hayana mikono. Kwa nini?

Zoea la kwanza ni kuanza mengi bila kumaliza. Asubuhi akata shati. Aja mteja, naye aliacha shati na kukata sketi, ili mteja aone kwamba kazi yake imeanza. Aja wa tatu, naye aiacha sketi. Adhuhuri meza imejaa vipande, na hapana vazi hata moja lililokwisha. Wazee walisema, mshika mbili moja humponyoka. Wataalamu wa siku hizi nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2009 Sophie Leroy alieleza katika uchunguzi wake ya kuwa mtu aachapo kazi kabla ya kuimaliza na kuingia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki katika ile ya kwanza, na ile ya pili hapo hupungukiwa.

Zoea la pili ni kukatizwa ovyo. Simu ya mkononi ni chombo chema: kwayo fundi huagiza vifungo na kupokea malipo. Lakini kila ikilia, yeye auinua mguu katika cherehani, asoma ujumbe, na baada ya ujumbe picha, na baada ya picha habari za mpira. Tufanye hesabu. Akipoteza dakika 20 mara 5 kwa siku, ni dakika 100. Katika siku 6 za kazi ni dakika 600, yaani muda wa saa 10. Siku nzima ya kazi imetoweka kila juma, wala hakuna mwizi aliyevunja mlango!

Zoea la tatu ni kutoweka vyombo tayari. Asubuhi mkasi watafutwa chini ya vitambaa, bobini haina uzi, sindano imevunjika na duka li mbali. Kabla hajashona hata pindo moja, jua limekwisha panda.

Zoea la nne ni neno “kesho”. Hulitamka kwa upole, asimwudhi mama wa watu. Lakini ikiwa ajua kwamba kesho haiwezekani, upole huo ni uongo. Mama aja mara tatu, kila mara akiliacha shamba lake. Hivyo fundi amepoteza siku zake na za mwenziwe pia. Tena mwaka 1955 Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika katika gazeti la The Economist la London kwamba kazi hupanuka hata ikaujaza muda wote iliopewa. Asiyejiwekea siku ya kumaliza, basi, kazi yake hupanuka bila mwisho.

Zoea la tano ni kuiba usingizi ili kulipa deni la mchana. Fundi ashona hata saa 8 za usiku. Lakini mtu mzima ahitaji kulala muda wa saa 7 au zaidi. Asubuhi mkono ni mzito, akosea kipimo, na alichokishona usiku akifumua mchana.

Na ni nani alipaye gharama? Ni mtoto asimamaye mstarini siku ya kwanza ya shule amevaa nguo ya nyumbani, huku wenzake wakimtazama. Ni fundi mwenyewe pia, maana mwaka ujao mama yule atapeleka kitambaa kwingine, na watoto wa fundi nao wahitaji madaftari.

Dawa yake si ngumu. Amalize vazi moja kabla ya kukata la pili. Simu aiweke mbali, aitazame kwa nyakati alizozipanga. Jioni kabla ya kufunga, ajaze bobini na kuweka mkasi mahali pake. Amwambie mteja siku ya kweli, hata kama si ya kupendeza. Kisha akalale.

Labda wewe msomaji si fundi. U mwalimu mwenye madaftari yasiyosahihishwa, u karani mwenye barua zisizojibiwa, u mkulima asemaye palizi itangoja. Jiulize jambo moja tu: ni nani angojaye kazi yangu? Ukimkumbuka huyo, hutaona tena kwamba dakika 20 ni kitu kidogo.

Wala usijaribu kuacha mazoea yote kwa siku moja, maana hapo utakuwa umeanza mengi bila kumaliza. Chagua moja, ulishinde juma hili, kisha uliendee la pili. Gogo huisha kwa bandu bandu. Na mazoea mabaya nayo huisha vivyo hivyo.