Misitu Inapogeuzwa Mashamba

Miti huvuta hewa ya kaboni dioksaidi na kuhifadhi kaboni ndani ya mashina na mizizi. Msitu ukifyekwa na kuchomwa, kaboni hurudi angani, na joto la dunia huongezeka.

Katika Brazili, sehemu kubwa ya msitu wa Amazon uliofyekwa imekuwa malisho ya ng'ombe. Kaboni iliyotoka hapo ni hasa ya miti.

Katika Indonesia, baadhi ya misitu ya vinamasi imegeuzwa mashamba ya michikichi. Chini yake mna mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka, kwani majini hayaozi upesi. Maji yakiondolewa, mabaki hayo huoza na kushika moto, kama ilivyotokea mwaka 1997 na 2015.

Swali: Kwa nini kinamasi kilichokaushwa huendelea kutoa kaboni hata baada ya miti kwisha?