Majibu Mazuri, Mwili Bado Mzito

"Mama, majibu yako ni mazuri," daktari anasema, na kweli karatasi haina kasoro. Mama anaikunja, anaitia mkobani na kurudi nyumbani na uchovu wake uleule. Ana mwaka mzima anameza levothairoksini, dawa ya thairoidi. Choo bado kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana, anajifunika khanga mbili wakati wenzake wanajipepea, na aliloambiwa asubuhi jioni halikumbuki. Asipopata wa kumsikiliza, huanza kuamini kwamba amekuwa mvivu.

Si mvivu. Katika kila watu 100 wanaotibiwa upungufu wa homoni ya thairoidi, kama 5 hadi 10 huendelea kuumwa hata baada ya vipimo kukaa sawa. Wengi wao wana sababu inayotafutika, ila lazima itafutwe kwa utaratibu.

Anza na ile karatasi. Kipimo kikuu huitwa TSH, na wengi hukisoma kinyume. TSH ni homoni isiyotoka kwenye thairoidi, ile tezi ya shingoni, bali kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi. Thairoidi ikizembea, himizo huongezeka. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, homoni ya thairoidi iko chini. Maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4.0 kuwa kawaida. Mwenye 3.9 na mwenye 1.2 wote wataambiwa "nzuri", lakini kwa yule wa kwanza, kama dalili hazijaisha, daktari anaweza kuona nafasi ya kuongeza dozi kidogo. Kwa hiyo omba namba yenyewe, uiandike pamoja na tarehe. Dozi ikibadilishwa, subiri wiki 6 hadi 8 kabla ya kupima tena, maana dawa hii hujijenga mwilini taratibu. Nafuu yenyewe huweza kuchelewa miezi kadhaa.

Kisha tazama meza ya asubuhi. Hapa ndipo dozi nyingi hupotea, na ndipo pasipoulizwa. Kidonge hiki kinataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kutia kitu kingine mdomoni. Kikishushwa kwa chai ya maziwa, kahawa, au uji wa lishe wenye unga wa soya, sehemu yake haifiki kwenye damu. Vibaya zaidi ni vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma hukishika kidonge tumboni, vikatoka pamoja chooni. Kalsiamu na dawa za kiungulia za kutuliza asidi hufanya vivyo hivyo. Chuma, kalsiamu na dawa hizo za kiungulia vitenganishwe na levothairoksini kwa saa 4. Omeprazoli, nayo ya kiungulia, haisaidiwi na kutenganishwa saa, kwa sababu yenyewe hupunguza asidi ambayo kidonge kinaihitaji ili kiyeyuke. Anayeitumia kila siku amwambie daktari.

Mjamzito ndiye ninayemhofia kuliko wote. Kliniki humpa vidonge vya chuma, naye kwa nia njema huvimeza pamoja na kile cha thairoidi asubuhi, asije akasahau. Wakati huohuo mwili wake unahitaji homoni zaidi, mara nyingi kwa asilimia 25 hadi 30, na katika wiki za mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama peke yake. Mwenye tatizo hili akigundua tu kwamba ana mimba, asingoje tarehe ya kliniki. Aende akapime siku zilezile.

Mwezi wa Ramadhani watu wa Pwani huuliza wafanye nini. Unaweza kuamka mapema ukameza kwa maji, ukasubiri nusu saa ndipo ule daku. Wengine hupendelea usiku wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya kula. Njia yoyote inafaa mradi uishike. Kurukaruka ndiko kunakovuruga vipimo. Kusahau siku moja si balaa, kwani dawa hubaki mwilini muda mrefu. Lakini anayesahau mara kwa mara, kisha akameza kwa bidii wiki ya mwisho kabla ya kipimo, atapata majibu yanayogongana: homoni ya thairoidi sawa, TSH juu.

Dawa yenyewe nayo huharibika. Joto, unyevu na mwanga huipunguzia nguvu. Iache kwenye pakiti yake, kabatini, mbali na jiko. Duka likikupa ya kampuni nyingine, mwambie daktari, upimwe tena baada ya wiki 6.

Kuna mtego mmoja unaowanasa kina mama hasa. Nywele zikikatika, mtu hununua vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini kwa wingi, na biotini huweza kuvuruga mashine za baadhi ya maabara, majibu yakaonyesha homoni imezidi hali imepungua. Dozi ikapunguzwa, nywele zikazidi kukatika. Acha vidonge hivyo angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na useme kwamba unavitumia.

Kama haya yote yako sawa na mwili bado mzito, huenda mgonjwa ana zaidi ya ugonjwa mmoja. Chanzo kikubwa cha upungufu huu ni ugonjwa wa Hashimoto, ambao daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912; kinga ya mwili hushambulia tezi yake yenyewe. Kinga hiyohiyo huweza kugeukia tumbo, ukakosa vitamini B12, au kongosho, ukapata kisukari. Omba wingi wa damu, akiba ya chuma, B12 na sukari vipimwe. Kukoroma na kukatika pumzi usingizini, sonona na kukoma hedhi pia huchosha vilevile. Uzito nao usiuwekee thairoidi mzigo wote. Yenyewe kwa kawaida huongeza kilo chache tu.

Mwishoni kabisa ndipo huja swali la kuongeza homoni ya pili ya thairoidi, T3. Tafiti nyingi hazikuona ikishinda levothairoksini peke yake, ingawa baadhi ya wagonjwa husema imewafaa. Ni jambo la kujaribu chini ya daktari bingwa wa homoni, kwa muda uliopangwa. Usijiongezee dozi. Homoni ikizidi, moyo hupoteza mapigo yake ya kawaida na mifupa hudhoofika. Unga wa mwani na matone ya iodini nayo yaache: kwa mwenye Hashimoto, iodini nyingi huweza kuizidishia tezi madhara. Na mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kusinzia asiamshike na mwili kupoa, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya kliniki uchukuliwe damu kwanza, ndipo umeze kidonge. Beba daftari la wiki mbili: saa uliyomeza, ulichokula baadaye, dalili zilizokusumbua. Na beba mfuko wenye dawa zako zote, ile bahasha ya vidonge vya damu ikiwemo.