Safu ya Afya: Makopo ya Ukungu na Wadudu wa Nyumbani

SWALI: Nyumba tunayopanga imeingiwa na kunguni vyumbani na mende jikoni, nasi tumechoka kwa kujikuna na kukosa usingizi. Shemeji yangu aliyerejea kutoka ng’ambo ametuletea makopo manne ya dawa ambayo, ukibonyeza kifuniko na kuliacha kopo katikati ya chumba, hufuka yenyewe mpaka yaishe. Mwanangu wa kati ana pumu. Je, tuyafungue yote manne kwa pamoja ili udhia huu uishe? – Mama wa Watatu, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Pole, bibi, kwa maudhi hayo, kwani mtu asiyelala usiku hana siha ya mchana. Jibu langu nalitanguliza mbele ya hoja zake: makopo hayo msiyafungue, si yote manne wala moja, madhali nyumbani mna mtoto mwenye pumu, na madhali wadudu mlio nao ni kunguni na mende, ambao kwa maumbile yao ni wagumu kufikiwa na dawa ya namna hiyo.

Ndani ya kopo la ukungu mna sumu ya wadudu, ambayo aghalabu ni piretrini, itokayo katika ua la pareto lilimwalo Iringa, Mbeya na nyanda za juu za Kenya, au ni piretroidi, iliyoundwa na wanakemia kwa kuiga sumu ya ua hilo na kuizidishia uwezo wa kudumu. Pamoja na sumu hiyo mna gesi ya kuisukuma itoke, nayo mara nyingi ni propani au butani, yaani jamaa ya gesi ya kupikia. Ukungu ukishapanda hewani hauna hiari ya kwenda utakako wewe. Hushuka kama vumbi juu ya kila kilicho wazi, ikawa sakafu, meza, shuka, sinia au kichezeo cha mtoto. Ama kunguni, mchana yumo katika pindo la godoro, katika tundu la tendegu, baina ya mfumbati na chaga, au ndani ya ufa wa ukuta. Na mende naye amejibanza nyuma ya kabati na chini ya karo, penye giza na unyevu. Basi sumu hutua wanapokaa watu, na mdudu husalimika anapokaa mdudu.

Jambo hili si dhana yangu, bali limepimwa. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, huko Marekani, walitangaza matokeo ya kuwajaribu kunguni waliokusanywa majumbani kwa makopo ya aina tatu yauzwayo madukani, wakaona ya kuwa wengi hawakudhurika hata walipowekwa wazi mbele ya ukungu, kwa kuwa kunguni wa siku hizi wamekwisha kuizoea piretroidi. Na wale waliofunikwa kwa kitambaa chepesi walikingika zaidi. Mwaka 2019 wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina State wakatoa habari ya nyumba 30 zilizoingiwa na mende: zilizotiwa ukungu mende wake hawakupungua, bali mabaki ya sumu yalizidi mno juu ya sakafu na meza, na zilizowekewa chambo cha jeli mende wake walipungua sana.

Madhara kwa wanadamu nayo ni bayana. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilieleza mwaka 2008 kwamba katika majimbo 8, baina ya 2001 na 2006, waliorodheshwa watu 466 waliougua au kuumia kwa sababu ya makopo haya. Aghalabu walipatwa na kikohozi, dhiki ya pumzi, kichefuchefu na kutapika. Na miongoni mwa sababu kubwa zilikuwa kutotoka nyumbani wakati wa kufukiza, kurejea kabla ya wakati, na kutumia makopo mengi kupita kiasi, jambo ambalo ndilo hasa ulilonuia. Gesi ile nayo ikijaa chumbani na kukutana na jiko, kibatari au cheche ya friji, huweza kulipuka. Aidha, katika nyumba nyingi za kupanga za mwambao kuta za vyumba hazifiki paani, hivyo ukungu ufukao chumbani kwako utavuka juu ya ukuta na kumfikia jirani aliyelala, ambaye hukumtaka shauri. Na mwenye pumu, awe ni mwanao au ni wa jirani, huweza kubanwa kifua kwa kiasi ambacho mtu mzima mwenye afya asingekihisi.

Badala ya hayo, mfuateni mdudu kwao. Kitanda kivuteni mbali na ukuta, mkifungue vipande vipande, na kila kiungo cha mbao mkimwagie maji yaliyochemka, kwa kuwa joto lipitalo nyuzi 50 humwua kunguni pamoja na mayai yake. Shuka, foronya, vyandarua na nguo zilizo karibu, zile zistahimilizo joto, mzifue kwa maji ya moto sana. Na mapindo ya godoro myapekue kwa kurunzi na kuyasugua kwa brashi. Godoro kulianika juani peke yake hakutoshi, kwani kunguni hukimbilia upande wenye kivuli. Nyufa za ukuta na za mbao zizibeni. Kisha yarudieni hayo yote baada ya siku kumi, na tena baada ya kumi nyingine, kwa sababu mayai yaliyosalimika huanguliwa katika muda wa wiki moja au mbili, na anayefanya kazi hii mara moja tu hudhani ameshinda hali amewapa wadudu mapumziko.

Kwa mende, anzeni kwa kuwanyima chakula na maji: vyombo visilale vichafu, makombo yafagiliwe, pipa la taka lifunikwe, na bomba livujalo litengenezwe. Kisha nunueni chambo cha jeli, mkitie kwa matone madogo kiasi cha punje ya choroko, nyuma ya kabati, penye bawaba na kando ya mabomba, mahali mkono wa mtoto usipofika. Mende hukila, hurejea kwenye maficho yake na kufia huko, na wenziwe walao kinyesi chake au mzoga wake hufa kadhalika. Penye chambo msipulize dawa nyingine, maana harufu yake huwafukuza wasikile. Na kuwapunguza mende ni dawa ya mwanao vile vile, kwa kuwa kinyesi na magamba yao huamsha pumu.

Nakuhadharisha pia na vichupa visivyo na maandishi vinavyotembezwa na wachuuzi, ambavyo huenda vikawa na sumu ya shambani isiyostahili kuingia chumba cha kulala. Nchini Tanzania dawa za wadudu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu; isiyo na jina, maelezo wala usajili, msiinunue.

Makopo mliyo nayo msiyatoboe, msiyachome moto, wala msimpe jirani. Yawekeni mbali na joto na watoto, mkamwulize Bwana Afya wa kata namna ya kuyaondoa. Mtu akipatwa na ukungu huo, mtoeni kwenye hewa safi, mvueni nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa sabuni na macho kwa maji safi muda wa dakika 15. Akibanwa na pumzi, au akitapika bila kukoma, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na kopo lenyewe, ili tabibu asome kilichomo.

La mwisho, bibi, semeni na mwenye nyumba na wapangaji wenzenu. Kunguni huingia kwa safari, kwa godoro la mtumba au kwa mgeni, wala haulizi kama nyumba ni safi au chafu. Na kwa yaliyothibitishwa na wataalamu hadi leo, hawaambukizi watu maradhi. Lakini aibu huwafanya watu wanyamaze, kila mmoja akipambana nao kwa siri chumbani mwake, na wadudu wakihama kutoka ufa hadi ufa. Chagueni siku moja, vitanda vyote vya nyumba nzima vitolewe uani na kumwagiwa maji ya moto kwa pamoja. Kazi hiyo itawachosha, lakini itafanya yale ambayo makopo manne hayawezi.