Kuizoeza Miche Jua la Pwani



BIBI: Mjukuu wangu! Mbona mnyonge hivyo?

MJUKUU: Miche yangu ya nyanya. Kitaluni ilinawiri, jana asubuhi nikaihamishia bustanini, leo yote imelala. Na maji nimeimwagia!

BIBI: Kwanza kaichomekee makuti, ipate kivuli. Iliyo hai kileleni huenda ikainuka. Hapa Zinga, jua la Januari likikutana na upepo wa kaskazi, jani hupoteza maji mengi kuliko mzizi unavyoweza kunyonya, na mizizi yenyewe umeikata ulipong'oa. Kitaluni ilikaa kivulini?

MJUKUU: Tangu ilipoota. Maji asubuhi na jioni.

BIBI: Basi hukuizoeza. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, funua kitalu asubuhi, jua likichachamaa ufunike. Kila siku ongeza muda, mpaka siku za mwisho miche ishinde juani kutwa. Na maji upunguze.

MJUKUU: Si itanyauka, bibi?

BIBI: Kupunguza si kunyima. Udongo ukikauka juu, mwagilia. Majani yakilegea adhuhuri, jioni yakasimama, usihofu. Yakiamka asubuhi yamelegea, hapo umepitiliza. Mche uliozoezwa huwa mfupi, shina gumu. Watu sokoni huchagua mirefu kwa sababu inapendeza macho, na hiyo ndiyo inayokufa.

MJUKUU: Na siku yenyewe ya kuhamisha?

BIBI: Jioni, kuanzia saa kumi na moja, ili mche upate usiku mzima wa kujipatia nguvu. Lowesha kitalu mapema, ung'oe na udongo wake. Ukiushika, shika jani, maana jani huota jingine, shina likipondeka mche umekwisha. Nyanya uifukie hadi karibu na majani ya chini. Shina lililofukiwa huotesha mizizi. Samadi iwe imeoza kabisa, mbichi huunguza. Kisha mwagia, tandaza nyasi kavu, chomeka kuti upande wa jua la alasiri kwa siku 3 au 4.

MJUKUU: Maji yetu ni ya kisima cha karibu na ufuo.

BIBI: Yaonje kabla ya kuyamwagia. Yakiwa na chumvi, mzizi mchanga hushindwa kuyanyonya, ukidhani unaunywesha kumbe unaukausha. Kitalu kitafutie maji baridi, hata ya mvua uliyokinga.

MJUKUU: Bamia nazo nizioteshe kitaluni?

BIBI: Hapana. Bamia ina mzizi mkuu unaozama moja kwa moja, haipendi kusumbuliwa. Mbegu yake itie shimoni pale pale itakapokulia, na matango vivyo hivyo.

MJUKUU: Nyanya nyingine nianze lini?

BIBI: Sia mbegu Mei, uhamishe Juni, masika yakiwa yamekatika na kusi imeleta ubaridi. Kwa pwani yetu huo ndio msimu wa nyanya. Kuihamisha Januari ni kuitesa bure.