KELELE YA MASHINI: NAMNA YA KUIPIMA



Tangu dhahabu ilipoonekana Kilo katika mwaka 1903, wachimbaji wa Ituri wamejua kuogopa jiwe linaloanguka na maji yanayoingia shimoni. Kelele hawaiogopi. «Mimi nimekwisha kuzoea», ndivyo ninavyojibiwa katika dispanseri. Sikio halizoei kelele, linakufa kidogo kidogo. Kwa kawaida mke hutambua wa kwanza: baba anafungua redio kwa nguvu, na «saa» na «taa» kwake ni neno moja. Mtu huyo akiwa chini ya ardhi, je, atalisikia jiwe la juu likilia kabla ya kuanguka?

Basi tusiliulize sikio, tuulize sonometa. Ni chombo cha kushika mkononi, chenye mikro kwenye ncha na kioo cha kuonyesha namba. Namba hizo huitwa desibeli.

Kwanza tazama betri. Kisha vika mikro kile kifaa kidogo cha kuhakikishia. Ikiwa chako kinatoa desibeli 94, kioo nacho kionyeshe 94; kama sivyo, rekebisha kwanza. Weka chombo kwenye herufi A, inayofuata namna ya sikio la mtu, na kwenye mwendo wa polepole ili namba zisirukeruke. Usisahau sponji ya mikro, maana hewa ya vantilateri ikiigonga, utapima upepo.

Mara yangu ya kwanza nilisimama mlangoni mwa nyumba ya kompresa, chombo kifuani, nikaandika namba nzuri sana. Kazi bure! Hakuna afanyaye kazi mlangoni. Peleka mikro karibu na sikio la mwenye mashini, kama upana wa kiganja, nawe unyoshe mkono ili mwili wako usizuie sauti. Pima masikio yote mawili, andika namba iliyo kubwa, na uulize anakaa pale muda gani.

Muda ndio wenye maana. Taasisi ya NIOSH ya Marekani iliandika mwaka 1998: desibeli 85, saa 8 kwa siku. Ukitazama, 88 ni kama 85 tu. Sivyo! Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya kelele inakuwa mara mbili, na muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 100 dakika 15. Mashini ya hewa ya kutoboa jiwe mara nyingi hupita 110, na hapo, bila kinga, dakika 2 ni nyingi.

Pamba haitoshi. Kizibo cha sponji ukiviringishe kwa vidole safi, uvute sikio juu, ukiingize, ukishike mpaka kijae.

Pasipo sonometa, simama umbali wa mkono na mwenzako. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, mwambie kapita. Na ukiitwa kupimwa masikio, njoo asubuhi kabla ya zamu, maana sikio lililotoka kwenye kelele sasa hivi hudanganya.