Hirzi ya Amana: Tunaponunua Hifadhi ya Data ya Jumuiya



Somo la toleo hili linaweza kuonekana ni la wanafunzi wa kompyuta, lakini nitalianzia katika fiqhi, mlango wa wadia. Wadia ni mali ambayo mtu anaiacha kwako uitunze. Mafaqihi wanasema mkono wa mtunzaji ni mkono wa amana: mali ikipotea bila kosa lake, halipi. Akizembea au akivuka mpaka, analipa. Na kipimo kikubwa cha uzembe ni hirzi, yaani mahali ambapo watu kwa desturi huhifadhi kitu cha aina ile. Hirzi ya mbuzi ni zizi, hirzi ya dhahabu ni sanduku lenye kufuli. Ukifungia dhahabu ya mtu zizini ikaibwa, haitoshi kusema mlango ulikuwa umefungwa.

Sasa tujiulize: hirzi ya faili ni ipi?

Swali hili linatuhusu kwa sababu jumuiya zetu hapa Mbarara zimekuwa watunza wadia bila kutangaza. Miongoni mwetu wapo waliotoka Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro, ambayo yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 walipofika Wanyarwanda wa mwanzo. Leo wako Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mtu aliyekimbia na cheti chake cha sekondari kimekunjwa ndani ya nguo hana ofisi ya kurudi kuomba kingine. Kwa hiyo anamwomba ndugu yake aliyeko chuoni amskanie karatasi: vyeti vya kuzaliwa, vya shule, karatasi za hifadhi, vyeti vya ndoa, wasia. Zinaingia kwenye laptopu ya katibu. Pamoja nazo kuna daftari la zaka na sadaka, orodha ya wanafunzi wa madrasa, na rekodi za darsa. Laptopu moja, katibu mmoja, ambaye mwakani anahitimu.

Ndiyo maana fikra ya kununua hifadhi ya mtandao wa ndani ni nzuri. Wauzaji huiita NAS: kisanduku chenye diski ngumu moja au zaidi, kinachounganishwa kwa waya na ruta ya ofisi, na kila mwenye ruhusa akakifikia kwa simu au kompyuta kupitia Wi-Fi ileile. Hakihitaji intaneti wala bando. Wakumbuke hili wale wanaosema tuweke vyote Google Drive: Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya Uganda nzima ilizimwa kwa siku kadhaa. Faili zilizokuwa Google Drive tu hazikufunguka. Tena, akaunti ya bure ina GB 15, na kupandisha GB 500 kwa laini ya megabiti 2 kwa sekunde kunachukua siku 23 mfululizo, usiku na mchana. Takisi ya kwenda Nakivale inaifikisha diski hiyohiyo siku hiyohiyo.

Kabla ya kuuliza bei, hesabuni mlicho nacho. Darsa ya saa moja iliyorekodiwa kwa sauti ya kawaida, kilobiti 64 kwa sekunde, ni MB 29 hivi. Saa 1,000 za darsa hazifiki GB 30. Ukurasa mmoja ulioskaniwa vizuri ni kama MB 1; familia 500 zenye kurasa 20 kila moja ni GB 10. Maana yake karatasi zote za watu, ambazo ndizo amana nzito kuliko zote, zinaingia kwenye fleshi ya mfukoni. Kinachokula nafasi ni video, ambayo saa moja inaweza kupita GB 1. Nasema hivi kwa sababu nimeshaona mapendekezo ya kununua kifaa cha diski nne na TB 30, kwa fedha za sadaka. Kwa jumuiya ya kawaida huo ni israfu. Kifaa cha nafasi mbili, chenye diski mbili za TB 4, kinatosha kwa miaka mingi. Zikifanywa pacha mtapata nafasi ya TB 4, si 8 (kompyuta nyingine itaandika 3.6, msigombane na muuza duka, ni tofauti ya namna ya kuhesabu).

Diski pacha maana yake kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili. Moja ikifa, kazi inaendelea, mnanunua nyingine na kuiweka. Ni neema. Lakini hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya, wakidhani sasa wana nakala mbili. Katibu akifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye zote mbili sekunde ileile. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote. Moto hauchagui diski. Kwa lugha ya fiqhi, diski pacha ni hirzi moja yenye kuta mbili.

Wanafunzi wa hadithi wanamjua Abdullah ibn Lahi'a, kadhi wa Misri wa karne ya 2 Hijria. Alikuwa mtu wa elimu na mapokezi mengi. Kisha vitabu vyake vikaungua. Wanazuoni wamehitilafiana kama viliungua vyote au baadhi, na kama hiyo ndiyo sababu pekee ya udhaifu wake, lakini wengi wao hadi leo wanatofautisha kati ya waliosikia kwake zamani, kama Ibn al-Mubarak na Ibn Wahb, na waliosikia baadaye. Hakuna aliyemtuhumu kwa kuungua kwa vitabu vyake, ila elimu iliyopita kwake ilipungua thamani. Linganisheni na kazi ya Sayyidna Uthman, Allah amuwie radhi: misahafu iliandikwa ikapelekwa katika miji mbalimbali, na kurasa za asili zikarudishwa kwa Bibi Hafsa. Mji mmoja ungeungua, Qur'ani isingeungua.

Kwa hiyo bajeti ya kifaa isiwe ya kifaa peke yake. Wekeni tangu mwanzo fedha za diski mbili za nje, za USB, zitakazobeba nakala na kulala mahali pengine. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, rai yangu ni kuacha kisanduku na kununua diski za nje kwanza. Jumuiya yenye diski tatu za kawaida katika nyumba tatu imehifadhi amana vizuri zaidi kuliko yenye kisanduku kimoja cha kifahari ofisini.

Tukirudi kwenye kisanduku chenyewe, majina mtakayokutana nayo ni Synology, QNAP, Asustor na TerraMaster. Sitawachagulia. Angalieni mambo haya: kiwe bado kinapata masasisho ya programu kutoka kwa mtengenezaji; kiweze kurudisha faili lilivyokuwa juzi kabla halijaharibiwa; kiweze kufunga folda kwa fumbo, ili asiye na nywila asisome kitu hata akizitoa diski. La kwanza ndilo watu wanalipuuza wakinunua vifaa vilivyotumika. Juni 2021 wenye vifaa vya WD My Book Live duniani walikuta data zao zimefutwa kutoka mbali. Programu ya vifaa hivyo ilikuwa haijasasishwa tangu 2015. Januari 2022 virusi vilivyoitwa Deadbolt vilifunga faili za wenye vifaa vingi vya QNAP na kudai malipo. Waliodhurika ni wale ambao vifaa vyao vilikuwa wazi kwenye intaneti. Sisi hatuna haja ya hilo. Zimeni uwezo wa kukifikia kifaa kutoka nje. Anayetaka faili aje ofisini, au aombe atumiwe.

Diski nazo zina siri. Kuna aina ambayo mistari ya data imepandana kama mabati ya paa, huitwa SMR. Ukitaka kubadilisha bati moja lazima uguse la jirani. Kwa diski ya nje ya kuhifadhi nakala haina ubaya, lakini ndani ya kisanduku chenye pacha, siku ya kuijaza diski mpya baada ya moja kufa, inaweza kuchelewa mno. Mwaka 2020 iligundulika kuwa baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa kwa kazi hii hasa, zilikuwa za aina hiyo bila mnunuzi kuelezwa. Kampuni ikalazimika kutaja wazi. Muulizeni muuzaji: ni CMR au SMR? Jibu la kwanza ndilo mnalolitaka. Hilo ni suala la bei na gharar pia, kwani sifa ya bidhaa ikifichwa mnunuzi ana haki ya kulalamika.

Na diski zilizotumika? Zipo madukani, bei nafuu. Pimeni kwa programu kama CrystalDiskInfo kabla ya kulipa: inaonyesha saa ambazo diski imefanya kazi. Mwaka mmoja ni saa 8,760. Yenye saa 40,000 imeshafanya kazi zaidi ya miaka minne bila kulala, mwacheni nayo.

Umeme. Kisanduku cha diski mbili hula wati 20 hivi. Kompyuta ya mezani ya zamani iliyowekwa programu ya bure kama OpenMediaVault hufanya kazi hiyohiyo, na ni njia halali kwa asiye na fedha, lakini ikila wati 60 basi kwa mwaka ni yuniti 525 badala ya 175. Kinachoua diski na kuvuruga faili ni umeme kukatika ghafla na kurudi kwa nguvu, kwa hiyo UPS si anasa. Chukueni ile yenye waya wa USB wa kuunganisha na kifaa, ili betri ikikaribia kuisha kifaa kijizime chenyewe kwa utaratibu.

Kwa Nakivale hesabu ni nyingine. Madrasa inayotegemea sola yenye betri moja ya kawaida ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, na betri za risasi hazipendi kutumiwa zaidi ya nusu: 600. Kisanduku cha wati 20 kwa saa 24 kinataka 480. Kitawaachia watoto nini cha taa ya kusomea baada ya Magharibi? Nakivale iwe ni mahali pa kulala diski ya nje, inayowashwa inapohitajika na kuzimwa. Diski mbili zipishane: moja iko Nakivale, nyingine iko Mbarara ikijazwa, na kila mwezi anayekwenda nyumbani anabeba mpya na kurudi na ya zamani.

Diski hiyo inayosafiri lazima iwe imefungwa kwa fumbo. Hapa sisemi kwa ajili ya maneno. Ndani yake kuna jina la mtu, mahali alipotoka, na kwa nini alikimbia. Wengine wamekimbia watu ambao bado wanawatafuta. Diski ikisahaulika kwenye kiti cha takisi bila fumbo, aliyedhurika hatakuwa jumuiya. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mwenye taarifa, na inazipa uzito wa pekee taarifa za imani, afya na fedha. Fiqhi ilishatangulia: mtunzaji akiikabidhi wadia kwa mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe na bila dharura, amekuwa mdhamini. Basi muulizeni mwenye karatasi kabla ya kuziweka: unakubali nakala yako ikae Mbarara na Nakivale? Akikataa, mrudishieni na mfute. Na ndani ya kifaa kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Mwalimu wa darsa hana haja ya kuona daftari la zaka, wala mweka hazina hana haja ya kuona karatasi za hifadhi.

Fumbo nalo lina hatari yake: nywila ikipotea, data imepotea. Viongozi wetu hubadilika kila mwaka. Nywila kuu iandikwe kwenye karatasi mbili, zitiwe kwenye bahasha zilizofungwa, moja kwa imamu au mlezi wa jumuiya, nyingine kwa mtu mzima anayeaminika Nakivale ambaye hahitimu wala hahami. Siku ya kukabidhiana uongozi, nywila ibadilishwe mbele ya mashahidi wawili na bahasha zibadilishwe. Liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kama tunavyoandika deni.

Limebaki jambo ambalo wanazuoni wa hadithi waliliita muqabala: mwanafunzi akimaliza kunakili kitabu, hukaa na asili akalinganisha neno kwa neno, na nakala isiyolinganishwa haikutegemewa. Nakala zetu nazo ni hivyo. Kila diski inaporudi kutoka Nakivale, mtu ambaye si aliyeijaza afungue faili kumi, achaguliwe na mwingine zipi: skani mbili tatu, darsa moja aisikilize hadi mwisho, ukurasa mmoja wa daftari la zaka aulinganishe na karatasi. Aandike tarehe na jina lake kwenye kibandiko juu ya diski. Faili ikikataa kufunguka, ile iliyoko Mbarara isiguswe mpaka sababu ijulikane.