SOMO LA BIBLIA: Watu Wakituuliza (1 Petro 3:13-17)

Mbele ya kusoma mistari hii, fungueni kwanza 1 Petro 1:1, muone barua inatumwa kwa nani. Ni kwa Wakristo waliotawanyika katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bitinia, ni kusema katika inchi ambayo leo inaitwa Uturuki. Hawakuwa wakubwa. Sura ya 2 inasema na watumwa wenye mabwana wakali, sura ya 3 inasema na wanawake ambao bwana zao hawaamini. Watu wa namna hii hawakuweza kusimama sokoni na kuhubiri. Walikuwa jikoni na shambani, chini ya amri ya mtu mwingine. Na ni wao wanaoambiwa wawe tayari siku zote kumjibu kila mtu anayewauliza sababu ya tumaini lao.

Angalieni neno lile, kuuliza. Wengi wanaliruka. Petro anafikiri kwamba ni mwingine ndiye ataanzisha mazungumzo. Na mtu haulizi bure, anauliza sababu ameona kitu. Basi swali la somo hili ni gumu kidogo: tangu masomo yaanze, nani ametuuliza?

Tuchukue mfano wa bomba la maji hapa interna. Maji yanatoka kidogo kidogo, mstari wa bidoni ni murefu, na mkubwa mmoja anapita mbele ya watoto wa mwaka wa kwanza kama vile maji ni ya baba yake. Jumapili mkubwa yule anawaita watoto kwa mafundisho. Watamuuliza nini? Watasema tu kati yao: « Ule njo alikamataka nafasi yetu. »

Lakini pahali pagumu zaidi ni mtihani wa Serikali, ule tunaoita Egzetati. Sisi wa mwaka wa mwisho tunasikia maneno ya mchango: kila mmoja atoe feza ili majibu yaingie mu chumba. Anayekataa anaambiwa: « Weye unajifanya mutakatifu, utatuletea mikosi. » Tusicheke hofu ile. Kuna wazazi waliouza mbuzi juu ya kulipa minervale, na mtoto akianguka, mwaka umepotea. Mstari wa 14 unasema tusiogope vitisho vyao. Si kusema roho haitapiga. Ni kusema vitisho visikamate usukani.

Na gisi ya kujibu? Petro anataka upole na heshima. Mwenye kukataa mchango asisimame mbele ya darasa kuita wenzake wezi. Anayejua hesabu akae nao jioni, warudilie mazoezi, hata na taa ya petroli. Huko njo mtu anaweza kuuliza: « Wewe feza hukutoa, na unatufundisha bure, sababu gani? » Hapo jibu fupi linatosha, haiko lazima mahubiri ya saa moja. Tena Petro hakuahidi kwamba anayefanya mema atapita mtihani. Mstari wa 17 unasema waziwazi kwamba anaweza kuteswa kwa ajili ya mema.

Tukumbuke pia ni nani anayeandika. Usiku ule Yesu alipokamatwa, Petro aliota moto katika kiwanja cha kuhani mkuu, na aliyemuuliza hakuwa hakimu wala askari. Ni mjakazi tu (Luka 22:54-62). Petro alikana mara tatu. Huyu ndiye anayetuambia leo tuwe tayari.

Kwa vikundi vya Jumatano jioni:

1. Someni Luka 22:54-62. Sababu gani Petro alishindwa mbele ya mjakazi, na mbele kidogo alikuwa amechomoa upanga (Yohana 18:10)?

2. Mwenzetu amekataa mchango na darasa lote halimsemeshi tena. Tunamfanyia nini wiki hii?

Kapita wa shule, mwaka wa mwisho